Mto Athi Unasubiri Hesabu ya Kilo

Kila baada ya miaka michache, wakazi wa Nairobi hutangaziwa kwamba safari hii mto wao, Mto Nairobi unaomwaga maji yake kwenye Athi, utasafishwa. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa bonde la Mto Nairobi ukiishirikisha UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake hapo hapo Gigiri. Mwaka 2008 akaingia John Michuki, waziri wa mazingira asiyetaka mchezo, na bustani yenye jina lake karibu na mzunguko wa Globe bado ipo. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru Mito ya Nairobi na Athi isafishwe na jaa la Dandora liondolewe ndani ya miezi sita. Mwishoni mwa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa kilomita 27 hivi za mto, bajeti yake ikitajwa kuwa shilingi bilioni 50, na maelfu ya vijana wakaingia mtoni na reki, koleo na gambuti.

Nimezisoma taarifa za miradi hiyo nikitafuta kitu kimoja tu. Nakuta kilomita. Nakuta idadi ya vijana, miche ya miti, malori ya takataka zilizozolewa, njia za waenda kwa miguu, taa. Ninachokitafuta ni sentensi moja isemayo hivi: mto huu unaweza kubeba kilo kadhaa za uchafu kwa siku na bado ukaishi, leo unabebeshwa kilo kadhaa, kwa hiyo lazima zipunguzwe kilo kadhaa, hizi kutoka kwa fulani, zile kutoka kwa fulani, kufikia mwaka fulani. Kupanga kupunguza uchafu wa mto ni huko. Pasipo hesabu hiyo tunapendezesha kingo, na kingo nzuri zinaweza kukaa miaka kandokando ya maji yaliyokufa.

Vijana hao siwadharau hata kidogo. Kutoa godoro lililooza na magunia ya plastiki kwenye tope la Korogocho ni kazi ngumu ya kulipwa vizuri, na mto usiozibwa na takataka hauvunji nyumba za watu mvua ikinyesha. Lakini samaki hauawi na plastiki pekee. Kinachomuua zaidi hakionekani kwa macho.

Naandika nikiwa mtu wa Malindi niliyehamia bara kwa kazi ya kupima maji. Kwa wengi wa Nairobi, mto unaishia Dandora. Ukishapita Ruai umesahauliwa. Kwetu sisi ndipo unapoanza kutuhusu. Unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita mjini, unapokea Mto Mathare na Mto Ngong, unaungana na Athi upande wa Ol Donyo Sabuk, unaruka Fourteen Falls, unakata nchi kavu ya Ukambani, unakutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha unaingia baharini kwa jina la Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wetu. Mvua za vuli zikikutana na upepo wa kaskazi, maji ya Sabaki husukumwa kusini mpaka mbele ya Malindi na juu ya matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Wakati wa kusi yanasukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Mvuvi wa kwetu hahitaji ramani ya bonde. Anaitazama rangi ya maji asubuhi na anajua bara kumenyesha.

Kupima mto ni kazi ya polepole. Unasimama darajani, unashusha ndoo kwa kamba, unaisuuza kwa maji ya mto wenyewe, ndipo unachota ya kupeleka maabara. Kipima oksijeni hushushwa moja kwa moja mtoni, maana maji yakimiminwa kutoka chombo hadi chombo hunyonya hewa na kukudanganya. Kule juu, kabla ya mji, namba hukaa mahali pa kuridhisha. Ukifika chini ya Kariobangi wakati wa kiangazi, namba inashuka huku unaitazama, inashuka tena, mpaka inakaribia sufuri. Ukikivuta kifaa juu, kwenye ncha yake kumenata utando wa kijivu unaoteleza, na lazima uufute kwa kitambaa safi kabla ya kwenda kituo kingine. Utando huo ni viumbe hai. Ni jamii za bakteria zinazostawi pale ambapo majitaka ni mengi na oksijeni ni kidogo.

Maji mengine yanatiwa kwenye chupa nyeusi, yanawekwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa maabara. Huko yanafungiwa gizani kwenye nyuzi joto 20 kwa siku tano. Bakteria waliomo wanakula uchafu na kuvuta oksijeni, na tofauti kati ya oksijeni ya siku ya kwanza na ya siku ya tano ndiyo kipimo kiitwacho BOD. Kwa lugha ya kawaida, ni njaa ya uchafu: lita moja ya maji haya itadai miligramu ngapi za oksijeni ndani ya siku tano hizo.

Sasa tuifanye hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliweka kwamba maji yanayotoka kiwandani au kwenye mtambo wa majitaka kwenda mtoni yasiwe na BOD inayozidi miligramu 30 kwa lita. Ni kiwango kinachoeleweka, mkaguzi anaweza kukipima, na mahakama inaweza kukihukumia. Lakini lita moja ya maji safi kwenye mwinuko wa Nairobi haiwezi kushika oksijeni zaidi ya miligramu saba na ushee. Maana yake, maji yaliyotii sheria kikamilifu bado yanadai oksijeni mara nne ya ile ambayo lita hiyo hiyo ingeweza kubeba ikiwa safi. Sheria ilitegemea kwamba mto utakuwa na maji mengi safi ya kuyazimua. Januari na Februari, chini ya Ruai, maji hayo ya kuzimua yako wapi? Sehemu kubwa ya kinachotiririka pale kiangazi kimetoka kwenye mabomba na mitaro ya mji.

Mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai, yale ambayo vitabu huyaita mtambo wa Dandora, yalisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Zidisha kwa gramu 30 kwa kila mita ya ujazo. Unapata kilo 4,800. Mtambo ukifanya kazi yake bila kasoro, bila bwawa lolote kujaa tope, bila siku moja ya hitilafu, sheria bado inauruhusu kuutupia mto karibu tani tano za njaa ya oksijeni kila siku. Tuchukulie kwamba nusu ya maji ya mto pale ni safi, yenye BOD ya 2, na kwamba tunataka mchanganyiko usizidi 6. Hapo maji ya mtambo hayaruhusiwi kuzidi 10. Tani 4.8 zinageuka kuwa tani 1.6. Huo ni mfano wa karatasi, sharti nikiri, na mto halisi una mambo mengi zaidi: kina, mwendo, mawe yanayorusha maji na kuyaingizia hewa. Lakini unaonyesha kwa nini kiwango cha miligramu peke yake hakitoshi. Kiwango kinamuuliza mwenye bomba, "Maji yako ni machafu kiasi gani?" Mto wenyewe unauliza swali jingine: "Nyote kwa pamoja mmenitwisha mzigo gani leo?"

Na hapo tumezungumzia majitaka yaliyobahatika kufika kwenye mtambo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 katika Nairobi. Wahandisi wa majitaka katika miji yetu hukadiria kwamba mtu mmoja hutoa BOD ya gramu 40 hivi kwa siku. Zidisha: tani 176 kila siku, kutokana na watu kuishi tu, kula, kuoga na kwenda chooni. Waliounganishwa na bomba la majitaka ni kama nusu ya wakazi, na bomba lenyewe mara nyingi limepasuka njiani. Waliobaki wana vyoo vya shimo, matangi ya chini ya ardhi, na mitaro. Si uchafu wote wa shimoni unaofika mtoni; ardhi hushika mwingi. Tuseme robo tu ya zile tani 176 inafika. Ni tani 44, mara tisa ya kile ambacho mtambo wa Ruai unaruhusiwa kuachia.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, sitasita. Anza na choo. Anza na mabomba makuu yanayofuata kingo za mto, ambayo yanapita pale kwa sababu majitaka hushuka kwa mteremko, na ambayo yakipasuka yanamwaga kila kitu majini pasipo mtu kuona. Kuna chemba moja kwenye njia yangu ya sampuli iliyokuwa ikifoka usiku na mchana, kijito cheusi kikitoka kwenye mfuniko wake hadi mtoni. Tuliripoti kwenye ofisi inayohusika, tukapewa namba ya malalamiko, tukarudi tukaikuta inafoka, tukaripoti tena. Msimu mzima ukapita. Hakuna aliyeweza kutuambia chemba ile ilikuwa inamwaga kilo ngapi kwa siku, na kitu kisicho na uzito kwenye daftari hakina haraka kwenye ratiba ya mafundi.

Wachafuzi wengine wana tabia nyingine, na ndiyo maana mpango mzuri hauwezi kuwa na safu moja tu. Machinjio yanatoa damu na mavi ya tumboni, ambavyo njaa yake ya oksijeni ni kali kuliko ya majitaka ya nyumbani, lakini ni uchafu ulio mahali pamoja, unaoshikika. Ukiukamata pale pale machinjioni unatengeneza biogesi na mbolea. Gereji za jua kali za katikati ya mji zinamwaga oili chafu kwenye mitaro. Hapo kilo ni chache na madhara ni mengi, na dawa yake ni mtu wa kuinunua oili hiyo, siyo askari wa kuwafukuza mafundi. Jaa la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, limekaa kando ya mto kabisa, na maji meusi yanayochuruzika kutoka tumboni mwake hubeba metali nzito. Risasi na zebaki haviozi. Bakteria hawavili. Hesabu ya BOD haivioni. Utafiti wa UNEP wa mwaka 2007 uliwapima watoto waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiasi kinachokubalika. Kwa metali hizo safu ya daftari lazima iwe yake peke yake, na shabaha yake iwe karibu na sufuri kadiri inavyowezekana.

Kisha kuna udongo na mbolea, na hapa mchafuzi hana bomba. Ni shamba la kahawa na mboga la Kiambu, ni mteremko wa Machakos uliolimwa hadi ukingoni, ni barabara ya murramu isiyo na mtaro, ni mchanga wa mto uliochotwa usiku kwa malori. Uchafu huu hulala kiangazi chote na kuamka mvua ikinyesha. Uchafu wa majitaka hufanya kinyume: ni wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, ndipo unapoua zaidi. Kwa hiyo Athi anahitaji bajeti mbili za mzigo anaoweza kuubeba, ya siku za ukame na ya siku za mafuriko. Anayekuletea wastani wa mwaka mzima amekuficha siku zote mbili zenye maana.

Habari za udongo sisi wa pwani tumeandikiwa kwenye mawe ya bahari. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hushika bariamu inayoletwa na tope la mto. Kwa karne mbili za mwanzo kiasi hicho karibu hakikubadilika. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, kikaanza kupanda, wakati walowezi walipochukua ardhi ya nyanda za juu na wenyeji wakasongamanishwa kwenye miteremko isiyofaa kulimwa. Baada ya hapo kikaendelea kupanda. Nimeifikiria sana kazi hiyo. Yaani uamuzi wa ardhi uliofanywa Machakos na Kiambu ulikuwa ukiandikwa kimyakimya kwenye jiwe lililo chini ya maji ya Malindi, na hakuna ofisi yoyote ya ukoloni iliyoiweka hesabu hiyo kwenye daftari lake.

Walioifanya hesabu ya namna hii kwa upana zaidi ni Wamarekani, kwenye ghuba ya Chesapeake. Sheria yao ya maji safi ya mwaka 1972 inasema kwamba maji yakishindwa kufikia kiwango, lazima ukokotolewe mzigo wa juu kabisa wa kila siku ambao maji hayo yanaweza kuvumilia. Mzigo huo unagawanywa mafungu matatu: fungu la wenye mabomba, fungu la ardhi isiyo na bomba, na fungu la tahadhari kwa ajili ya yale ambayo hesabu imekosea. Desemba 2010 shirika lao la mazingira, EPA, likatoa hesabu ya bonde zima, majimbo sita pamoja na mji mkuu wa Washington. Naitrojeni isizidi kilo milioni 84 hivi kwa mwaka. Fosforasi isizidi kilo milioni 5.7 hivi. Tope lisizidi tani milioni 2.9. Hiyo ilimaanisha kupunguza naitrojeni kwa asilimia 25, fosforasi asilimia 24, na tope asilimia 20. Ghuba na mikono yake ikakatwa vipande 92, kila kipande na mgawo wake, kila jimbo likatakiwa kuandika litakata wapi. Hatua zote zilitakiwa ziwe zimewekwa kufikia 2025, na za asilimia 60 ya upungufu kufikia 2017.

Kilichotokea baadaye ndicho ninachotaka wapangaji wetu wakisome kwa makini. Mitambo ya majitaka ilitimiza fungu lake karibu miaka kumi kabla ya muda, kwa kuwa mtambo una mwenyewe, una kibali, una mita, na fedha zikipatikana fundi anajua la kufanya. Mashamba yakabaki nyuma, na 2025 ilipofika malengo yote hayakuwa yametimia. Wapo wanaosema basi mpango ule ulishindwa. Mimi sioni hivyo. Walishindwa huku wakijua wameshindwa kwa kilo ngapi, kwenye jimbo gani, na kwenye fungu lipi. Sisi hatujawahi hata kushindwa kwa namna hiyo.

Shabaha ya Athi ianzie chini kupanda juu. Uliza kwanza maji yanatakiwa kuwa nini kule yanakotumika, ndipo upande hadi Nairobi ukigawa mzigo. Na sasa kuna jambo linaloifanya hesabu hiyo isisubiri tena: bwawa la Thwake, linalojengwa tangu 2018 pale Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ukuta wake ni mita 80 hivi, na limesanifiwa kushika maji zaidi ya mita za ujazo milioni 680 kwa ajili ya kunywa, kumwagilia na umeme. Maji yanayokimbia yana namna ya kujiponya. Yanapiga mawe, yananyonya hewa, yanaacha uchafu njiani. Maji yaliyosimama hayana nafasi hiyo. Fosforasi ya sabuni na kinyesi cha Nairobi, iliyokuwa ikipita kwenda baharini, itasimama na kutulia juani Ukambani, na mwani hauombi chakula kingine. Ukitaka kuona mwisho wake tazama Hartbeespoort, bwawa lililo chini ya Johannesburg huko Afrika Kusini: kwa miongo mingi limepokea maji ya mitambo ya majitaka ya jiji, na limejulikana kwa mwani wa kijani, magugumaji na gharama isiyokwisha ya kuyaondoa. Kutoa fosforasi kwenye mtambo wa Ruai ni kazi inayofahamika. Kuitoa kwenye bwawa la mita za ujazo milioni 680 hakuna mhandisi atakayekuahidi.

Kwa hiyo kama ningepewa kalamu, mstari wa kwanza wa mpango ungekuwa wa fosforasi inayoingia Thwake, kilo kwa siku, kiangazi na masika. Mstari wa pili ungekuwa wa oksijeni pale Fourteen Falls. Wa tatu, tope kwenye daraja la Sabaki. Kutoka kwenye mistari hiyo mitatu unapanda juu na kuwagawia Machakos, Kiambu na Nairobi mafungu yao. Ungetenga pia fungu la wasiozaliwa bado, maana Ruai, Ruiru, Kitengela na Mlolongo zinajengwa kila siku, na kila ghorofa jipya linalopewa kibali pasipo bomba la majitaka ni mkopo unaochukuliwa kwa jina la mto. Mji ukiisha kugawa mzigo wote kwa watu wa leo, mpango unakufa siku mpangaji mwingine anapohamia.

Katika kugawa mafungu kuna jambo la haki ambalo siwezi kulipita. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua karibu watu 300 nchini, serikali iliamuru watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Waliokuwa wamezika jamaa zao wiki hiyo walibomolewa nyumba wiki iliyofuata. Ukingo wa mto ni mahali pa hatari, hilo halina ubishi. Lakini ukimwondoa mama wa Mathare ukingoni, zile gramu zake 40 zinahama naye. Mzigo haukupungua hata kilo moja. Umehamishiwa mtaa mwingine usio na bomba. Mtu asiyepewa bomba wala choo cha kuchotwa kwa bei anayoimudu hawezi kuandikwa kwenye safu ya wachafuzi. Fungu hilo ni la anayekusanya kodi na ada ya maji, aliyetakiwa kulaza bomba. Na bei ya kila kilo inayookolewa iandikwe wazi kando yake. Nina imani kubwa kwamba mabomba membamba yanayopita vichochoroni na vyoo vinavyochotwa kwa utaratibu vitaonekana vina nafuu mara nyingi kuliko ukuta wa mawe wa kurembesha mto, lakini imani yangu siyo hoja. Iwekwe bei, kila mtu aione.

Chini ya Fourteen Falls, mahali ambapo povu la sabuni hukusanyika kwenye kona za miamba na upepo ukalirusha kwenye majani, kuna mama mmoja anayelima nyanya na sukuma wiki kwa pampu ya petroli. Hufunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba la kunyonya ili kuzuia takataka, na kila akimaliza kumwagilia anakitoa na kukikamua, maji meusi yakitiririka kwenye vidole vyake. Alinikuta najaza chupa.

"Mwanangu, watu wanakuja kuchukua maji hapa tangu nikiwa msichana. Majibu mnayapeleka wapi?"

Nikamwambia, "Mama, yanaingia kwenye ripoti, ripoti inakwenda ofisini."

"Na mimi ninayeyanywesha mboga?"

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Hizo haki mbili zikikutana mtoni zina umbo la kawaida kabisa: karatasi ya vipimo. Vyama vya watumiaji maji vipo kisheria, vina wanachama wanaojua kila kona ya mto, na kijana aliyefundishwa vizuri anaweza kushusha kipima oksijeni darajani kama mimi ninavyofanya. Wale maelfu walioingia mtoni na reki mwaka 2025 wangeweza kuachiwa kazi hiyo baada ya takataka kwisha: kituo kila baada ya umbali fulani, kipimo kila wiki, mtiririko wa maji upimwe pamoja na uchafu, maana miligramu bila mtiririko hazitoi kilo.

Na majibu yatoke. Yabandikwe kwa chifu, yasomwe kwenye redio za Kikamba na za Malindi, yatumwe kwenye simu za wakulima kabla ya msimu wa kupanda, kila kituo na namba yake, pamoja na jina la aliyevuka fungu lake mwezi huo na kilo alizozidisha.